Pikapu ya Baba Yake Ouma

Iko Jumamosi moja ambayo naikumbuka hata ninapojitahidi kuisahau, mwanangu. Siku hiyo niliingia holi ya wafanyakazi nimebeba gari dogo la plastiki juu ya kibao, na watu wakanipisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba keki ya harusi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi msaidizi katika karakana ya kiwanda cha majani chai, upande huu wa Kericho. Sijawahi kusifiwa vile tena. Wala sijawahi kujutia sifa kama nilivyozijutia hizo.

Nasikia wewe, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, siku hizi mnakutana vijana kadhaa mjini, mnaagiza magari kama hayo kwa simu, mnachanganya vipande vya boksi hili na lile mpaka mnapata gari ambalo halikuwahi kuuzwa popote. Ni kazi nzuri. Sitaki kuwakataza. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nikinusa ile gundi yenu bado nashtuka, mzee mzima kama nilivyo.

Injinia wa kiwanda alipokuwa anarudi kwao ng'ambo aliacha karakanani maboksi mawili. Ndani mlikuwa na vipande vya magari ya kuunda, vimeshikana kwenye fremu zao: milango, viti, magurudumu, na injini ambayo peke yake ilikuwa vipande zaidi ya kumi. Boksi moja nilipewa mimi, la pili akapewa rafiki yangu Ouma. Ouma kwao ni kule chini, upande wa ziwa. Baba yake alikuja huku akiwa kijana, akaendesha pikapu ya shamba miaka mingi, mpaka alipostaafu akarudi kwao. Mimi ni Mkipsigis wa hapa hapa. Mama yangu alikuwa na kipande chake cha majani chai na ng'ombe wawili. Lakini mimi na Ouma tulikula sahani moja, na mursik ya mama, yale maziwa yetu ya kibuyu, aliinywa kuliko mimi.

Boksi la Ouma lilikuwa la pikapu ya zamani yenye mdomo mrefu, aina ile ile aliyoendesha baba yake. Alipolifungua alipitisha kidole juu ya ule mdomo. Kisha akasema ataiunda polepole, aipake kijani ya shamba, halafu ampelekee mzee. Langu lilikuwa la gari la kizamani la milango miwili, bodi nzuri kweli, ila injini yake ndogo na magurudumu membamba kama ya baiskeli. Nililitazama nikaona wivu. Wivu, mwanangu, haukuanza na kitu kikubwa. Ulianza na magurudumu ya plastiki.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, habari ikaja kwamba baba yake Ouma ni mgonjwa. Ouma akaomba likizo. Kabla ya kuondoka aliniletea boksi lake, kwa kuwa nyumba yake ya kambini ilikuwa inavuja, akaniomba nimwekee mahali pakavu. Hakuniambia nisilifungue. Nani humwambia ndugu yake neno kama hilo?

Sasa, wakati huo kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono yanakuja pale holi. Akina mama walikuwa wanafuma vitambaa, wazee wanachonga viti. Mimi katika majarida aliyoacha yule injinia nilikuwa nimeona magari yanayoitwa hot rod: gari kuukuu limekatwa paa likawa fupi, limevuliwa madigadi na boneti, likatiwa injini kubwa iliyo wazi, na magurudumu ya nyuma mapana kuliko ya mbele. Bodi nilikuwa nayo. Vilivyobaki vyote vilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya boksi la mtu mwingine.

Nilijiambia nitaazima magurudumu ya nyuma tu. Kisha nikaiona injini. Maboksi yale hayakuwa ya kipimo kimoja, pikapu ilikuwa kubwa kidogo, kwa hiyo injini haikuingia. Nikaipunguza kwa wembe na msasa, nikapasua bodi yangu mbele ya viti ili ipate nafasi. Chasisi ya pikapu nikaikata katikati, nikaiunga na yangu. Na ile gundi si kama ya karatasi. Inaiyeyusha plastiki, hii na hii, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Nililijua hilo. Nilifungua kichupa nikijua. Wazee walisema kuomba si kuiba, na mimi ningeweza kumwandikia Ouma barua nimwombe. Sikuandika, kwa sababu nilijua jibu lake.

Gari lilitoka zuri, siwezi kukudanganya. Jekundu, limeinama mbele kama fahali anayetaka kupigana. Pale holi msimamizi wetu wa karakana, Arap Mosonik, mzee wa maneno machache, alilishika akaligeuza, akaniuliza injini hiyo nimeitoa wapi. Nikamjibu ilikuwa ndani ya boksi langu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulipita laini kama chai ya maziwa.

Jumanne iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, saa nne asubuhi, Ouma alifika kwangu. Alikuwa amepanda kutoka kwao kupitia Sigowet, amelowa mpaka viatu. Hakutaka hata kuketi.

"Mzee haoni tena," akaniambia. "Macho imeenda. Lakini nilimwambia niko na gari yake, ndogo, yenye inatoshea mkononi. Kila siku ananiuliza kama imefika. Anataka tu kuishika, Kibet."

Akaeleza kwamba hata rangi haina haja. Angechukua boksi, arudi mchana ule ule, aiunganishe pale pale kando ya kitanda, na mzee aguse mdomo na usukani wa ile pikapu. Akanyoosha mkono apewe.

Mwanangu, pale nilikuwa na mlango. Ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, "Ouma, nimeiharibu," angenitukana, pengine angenipiga, na kabla ya jua kutua angekuwa kwao. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema kwamba boksi nililiweka stoo ya kanisa lisije likalowa, na mwalimu wa kwaya mwenye ufunguo amekwenda Mulot kwenye harusi, atarudi kesho.

Ouma alivua viatu vilivyolowa. Akasema, "Basi nitangoja. Siwezi rudi mikono mitupu."

Nilimpikia ugali na sukuma wiki, nikampa kitanda changu, mimi nikalala chini. Nilimtunza vizuri sana. Anayedanganya huwa mkarimu.

Jumatano nilienda kazini na lile gari ndani ya mkoba. Saa ya chakula nilijifungia karakanani nikajaribu kulitenganisha. Nililitia kwenye maji moto, plastiki ikapinda. Nikatia wembe kwenye maungio, injini ikapasuka vipande viwili. Jioni nikamwambia Ouma mwalimu amecheleweshwa na mvua, barabara ya Mulot imeharibika. Uongo wa tatu au wa nne, sikuwa nahesabu tena. Aliitikia kwa kichwa. Akaniambia anamwona mzee wake kama mtu aliyeketi mlangoni anangoja mgeni.

Alhamisi nilirudi tena karakanani. Nilikuwa nimebakisha chasisi, nikifikiri walau nimpe hiyo na vipande vya bodi ya pikapu, nilivyokuja navyo mkobani, na magurudumu nimwambie yalipotea. Nimeinama hapo mezani, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Ouma. Aliitwa ofisini kupokea simu kutoka kwao, na alipoweka simu chini mtu wa kwanza aliyemtafuta ni mimi, rafiki yake, aniambie.

"Mzee amelala," akasema. "Asubuhi hii."

Kisha akaona meza. Akaona mdomo mrefu wa pikapu, peke yake, hauna kitu nyuma yake. Akaona chasisi iliyokatwa, na bodi nyekundu, na wembe mkononi mwangu. Alisogea akaokota ile injini iliyopasuka, akaitazama, akairudisha taratibu kana kwamba inaweza kuumia.

"Hata bila gari," akasema, "ningekuwa huko. Ungeniambia ukweli Jumanne, ningekuwa nimemshika mkono."

Akaondoka. Sikumfuata.

Nilienda kwa Arap Mosonik nikamweleza yote, nikitumaini atanitafutia neno la kunituliza. Hakunitafutia. Alivua kofia akaiweka gotini. "Kuchukua kitu ya mtu ni makosa ya mkono," akaniambia, "na mkono inaweza kurudisha. Lakini wewe ulimfunga mtu na uongo asiende kwa baba yake. Hiyo utarudisha na nini?" Akavaa kofia yake akatoka.

Kwenye mazishi mama yake Ouma alinishika mikono miwili. Alikuwa hajaambiwa. Alinishukuru mbele ya watu kwa kumlisha mwanawe na kumpa pa kulala siku zile mbili. Akaniita "mwanangu." Ouma alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama chini, na hakumfichulia lolote, wala siku hiyo wala baadaye. Nilikula chakula cha matanga yale kama mtu anayemeza mchanga.

Tulifanya kazi karakana moja miaka minne zaidi. Tulisalimiana. Tulipeana spana. Mara moja nilimwomba msamaha, akajibu kwamba hana neno na mimi, ila nisimwulize tena. Baadaye aliacha kiwanda akaenda Siongiroi, akafungua kinu cha kusaga mahindi. Miaka mitatu iliyopita binti yangu alinitafutia kwenye simu pikapu ile ile, boksi jipya, halijafunguliwa. Nikaenda nalo. Ouma alikuwa amezeeka kama mimi, unga umemkaa kwenye nyusi. Alilishika, akasoma maandishi ya juu, akanirudishia.

"Mpe mtu ambaye baba yake bado yuko," akasema, akarudi kwenye mashine.

Mwaka jana nilipata habari kwamba naye ametangulia. Nimeomba kanisani, nimefunga, nimekiri mbele ya mchungaji, na naamini Mungu husamehe. Lakini yuko mzee kipofu aliyengoja siku mbili, akiuliza, na hakuna ninayeweza kwenda kumwomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo inasema juu ya maji.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kitu ulichowekewa si chako, hata kikikaa chini ya kitanda chako miaka kumi. Ukitaka kukigusa, omba, na ukinyimwa, vumilia na magurudumu yako membamba. Na kama umekwisha kukosa, maana utakosa, wewe si malaika, sema siku hiyo hiyo. Sema kabla aliyekosewa hajaketi. Usijipe siku moja ya kutengeneza kwanza, kwa sababu hujui siku hiyo ni ya nani. Pengine unayoitumia kuficha aibu yako ni siku ya mwisho ya baba wa mtu. Aibu huchoma, lakini haijaua. Na kama baba yako yuko hai, leo inatosha kwenda kumwona, umebeba kitu au hukubeba.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na moyo usiotamani cha jirani. Akupe ulimi wa kusema kweli ungali na muda. Wazee wako wakikuita, akufikishe mapema. Na hili langu, mwanangu, usilirithi.