Kikasha Alimobaki Baba

Juzi, nikipita Ruangwa kama ninavyopita kila mahali, nilikuta vikasha bapa vya filamu, vile vya kamera kubwa ya miguu mitatu, vikiuzwa pamoja na vyuma chakavu. Nilishika kimoja, nikajikuta nimerudi utotoni, sokoni Nachingwea, kwenye harufu ya dizeli na korosho.

Baba alikuwa anasafiri, na mama alitaka apigwe picha kwanza. Lori lilipiga honi, lakini mpiga picha aliendelea kuinua vikasha juani kimoja kimoja, akivichungulia pembeni.

"Fundi, chukua chochote, gari linaondoka!" mama alisema.

"Hiki kinapitisha mwanga, dada. Nikikitumia, utabaki na picha ya moshi, si ya mume."

Baba alicheka huku akitazama barabarani. Kimoyomoyo niliomba kichaguliwe kikasha imara, maana nilidhani mtu akipigwa picha anafungiwa humo. Fundi alichagua kilichozibwa kwa utepe mweusi. Kamera ikalia ta, kikasha kikachomolewa, baba akakimbilia lori, vumbi likamfunika.

Mama alilia. Mimi sikulia. Nilikaa karibu na fundi, nikisubiri amfungulie baba.