Konokono Wangu Aliyesahau Kahawa

Jamani, aibu nyingine mtu huitafuta kwa bidii. Mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba konokono akikumbushwa alichojifunza zamani, kumbukumbu hulegea kabla ya kuhifadhiwa upya. Akipigwa baridi wakati huo, husahau. Akaahidi kwamba atakayethibitisha hilo atasamehewa kupalilia kahawa ya shule.

Wangu nikamfundisha kuficha pembe akinusa kahawa, kwa kumchokoa kila nikimnusisha. Wiki kadhaa baadaye nikamkumbusha kwa kumnusisha tena, kisha nikamlaza kwenye barafu ya duka lenye friji pale Mbinga mjini, hadi kesho yake.

Mbele ya darasa nikamsogezea kahawa. Pembe tuli!

“Amesahau!” nikatangaza, nikainama kupokea makofi.

Mwalimu akamgusa, akamnusa.

“Kweli, mwanangu, amesahau. Hata kupumua.”