Mkwe Aliyekataa Kunitazama

Kwa muda mrefu nimewaambia majirani kwamba wakwe zetu waliondoka siku ile bila kuonja chakula kwa sababu walikuwa wanawahi mashua ya kwenda Moba. Hapakuwa na mashua. Niliwafukuza mimi, mwenye diploma ya chuo kikuu, bila kukusudia, nikiwa ndani ya kitenge kipya, na aliyenitia kiburi ni kitabu.

Nilikuwa najifundisha saikolojia. Chuoni nilisoma jiografia, mambo ya nafsi nikawaachia mapadri, lakini siku moja nikapata sokoni kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachofundisha kuusoma moyo wa mtu kwa kuutazama mwili wake, nikakimeza, nikatafuta kingine, halafu nikaanza mazoezi nyumbani. Papa Nadine (mume wangu) akikunja mikono mezani, namwambia anajilinda dhidi yangu. "Niko nasikia baridi," anajibu, nami najiambia: anakana. Muuza mikebuka akijikuna pua, najua samaki ni wa jana (hapo pua yangu ilitosha, lakini nilimshukuru mwandishi).

Basi binti yetu Nadine akapata mchumba, Dieumerci, kijana anayefanya biashara ya ziwani hadi Moba na baba yake, na familia ikatuma habari kwamba inakuja kujitambulisha. Mama mwingine angewaza kama viti vinatosha. Mimi niliwaza viti vikae wapi, maana kitabu kilisema ukitaka kumjua mtu kaa naye uso kwa uso, kwa hiyo kiti cha mchumba nikakiweka mbele ya changu kabisa, magoti yakaribie kugusana. Uamuzi mdogo tu.

Wakaja: baba yake, shangazi yake, mjomba wake aliyekuwa msemaji, na Dieumerci ndani ya koti. Alipokiona kile kiti akasita, akakigeuza kikaelekea ukuta, akakaa akiitazama kalenda. Aliposimama kusalimia wazee, nikakirudisha kwa tabasamu la mwenye nyumba. Akakaa tena, safari hii mkono shavuni kama anayeumwa jino. Nikamuuliza habari za biashara, akaijibu sakafu. Nikampa soda, ikapokelewa na shangazi. Ilikuwa kana kwamba sura nzima ya kitabu imenitembelea: hatazami machoni, anageuka, anaficha uso. Huyu ana mke Moba, nikajiambia, pengine wawili.

"Mama, acha mutoto apumue," Papa Nadine akaninong'oneza. Nikamtazama mikono: ameikunja.

Mjomba hajamaliza kueleza kilichowaleta, nikasimama.

"Samahani, Papa. Dieumerci, mwanangu, nitazame machoni, useme huna mke mahali pengine."

Dieumerci akavuta koti hadi kichwani, akainuka, akarudi kinyumenyume, akaukosa mlango wa barabarani, akaupata wa uani, ambako wifi yangu alikuwa ameweka beseni la sombe, mboga ya majani ya mihogo, lipoe. Mguu mzima ukazama ndani. Hakusimama. Alipita getini na koti kichwani, mboga kwenye kiatu.

"Eh! Mama mukwe anaomba mukwe amuangalie mu macho!" shangazi akapiga makofi. "Haya iko wapi?"

"Mutoto anakupa heshima yote," mjomba akasema, "na wewe unamuita mwongo?"

Hapo akili zikanirudia, zimechelewa. Kwetu mwanamume hamkazii macho mama wa mchumba wake: anampa kisogo, hali chakula mbele yake, akikutana naye njiani anachepuka. Na si jambo la kusimuliwa. Baba yangu mwenyewe, akimwona nyanya mzaa mama anakuja, alikuwa anajitupa na baiskeli yake ndani ya mihogo ya jirani, nasi watoto tukifa kwa kicheko. Nimekulia humo, nikasahau yote kwa ajili ya bwana mmoja wa Ulaya ambaye nina hakika hakuwahi kuwa na mkwe.

Wakaondoka, sahani zikabaki. Nadine akatoka chumbani, macho yamevimba. "Wamesema habarudi tena, Mama. Sasa kitabu yako njo itanioa?"

Tulituma mbuzi wa kuomba msamaha, kukawa kimya. Nadine akawa ananiletea chai bila kunisemesha (tabia isiyohitaji mtaalamu), nami nikaapa: vitabu nitaendelea kuvisoma, maana ni vitamu, lakini mkwe simsomi tena maisha yangu yote.

Ndipo simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Mama, njo mimi, Dieumerci."

Nikakaa chini palepale.

"Ku telefone siko naona sura yako, basi naweza kusema."

Na alisema! Yule bubu wa sebuleni kwangu alizungumza hadi sikio likapata moto: kwamba hana mke Moba wala popote, kwamba shangazi sasa anamwita Papa Sombe, kwamba baba yake alinuna, akanuna, halafu kicheko kikamshika barabarani hadi akasimamisha pikipiki.

"Mbuzi ilifika, Mama. Tulikula. Siku ya posa tunarudi. Ila Papa anauliza kitu moja."

"Aulize, mwanangu."

"Anauliza kama siku ile utakuwa mu salon pamoja na sisi."

"Mwambie nitakuwa jikoni, na mlango nitaufunga mwenyewe."

Nadine, aliyekuwa nyuma yangu akisikiliza kila neno, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika bandarini.