Maji ya Kunawa

Tangu kiwanda alikofanya kazi mumewe kiache kulipa mishahara, Clotilde alikata sukari, akakata mkate, mwisho nyama. Nyumba nzima ilikula bukari, ugali wa mahindi, na matembele, jioni tu. Mume wake Kabamba ndiye aliyesema wafunge mikanda, tena alikuwa mfano: alimega matonge mawili, akawasukumia watoto sahani. "Bakule, miye niko sawa." Clotilde alimsifu kwa wanawake wote pale bombani. Huyo ndiye baba, aliwaambia, analala njaa watoto washibe!

Jumamosi moja alipiga magoti mbele yake kama kawaida, ammiminie maji ya kunawa. Kabamba aliponyoosha mikono, harufu ikampanda Clotilde puani: samaki wa kukaanga. Mafuta ya mawese bado yaling'aa kwenye kucha. Na ndani ya nyumba hii samaki hakuwa ameingia tangu Pasaka. Kumbe alikuwa anashiba kwa mwanamke mwingine, halafu anakuja kuwaigizia watoto wake njaa!

Clotilde aligeuzia jagi upande wa watoto, akawanawisha wao.

"Na miye?" Kabamba akauliza.

"Weye akunawishe ule anakupikiaka. Nilikata sukari, nikakata na mukate. Kumbe wa kukata ni weye."