Vlasta na Anwani ya Vienna

Nimelala kitanda kimoja na Vlasta Hronská zaidi ya miaka miwili, na hatujawahi kulala pamoja hata siku moja. Usicheke. Ndiyo kazi yetu sisi wanawake wa Bratislava tunaovuka kwenda Vienna kutunza wazee: wiki mbili mimi, wiki mbili yeye. Alhamisi saa sita mchana mmoja anafika na begi, mwingine yuko tayari na lake. Tunabadilisha shuka, tunakunywa kahawa jikoni saa nzima, tunakabidhiana daftari la zamu, kwaheri. Mzee wetu alikuwa Bibi Edeltraud Pichler, miaka themanini na minane, ghorofa ya tatu mtaa wa Favoriten, jengo lisilo na lifti.

Kwa saa hiyo moja tu kila wiki mbili nilimjua Vlasta kuliko nilivyomjua mume wangu, Mungu amlaze pema. Hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, anakunywa kahawa amesimama, na kila akitoka mji mmoja anausifu ule anaouendea.

"Kahawa hapo kona ni euro tano, Margita! Tano! Kwetu kwa hela hiyo nakunywa mbili na keki juu."

"Basi kanywe kwetu, si ndiko unakokwenda?"

"Kwetu nitainywa nimekaa wapi?"

Wiki mbili baadaye anarudi na wimbo mwingine. "Huku tramu ikisema dakika tatu ni tatu kweli. Kwetu juzi nimesimama darajani upepo unanichapa, basi halionekani! Na mkate umeshafika bei ya huku, ila mshahara umebaki palepale. Niambie, akili iko wapi?"

"Huku Jumapili ukiwasha mashine ya kufulia jirani anapiga hodi kukugombeza," nikasema.

"Angalau anapiga hodi. Nyumbani kwangu hakuna anayebisha, mlango wangu wenyewe unafunguliwa kama wa duka."

Alikuwa anabeba sabuni ya unga ya Austria kupeleka Bratislava, maana sisi sote tunaamini yao inang'arisha zaidi hata kama paketi ni ileile, halafu anarudi na jibini ya kondoo, kwa sababu ya Vienna ati ina ladha ya karatasi. Nilikuwa namwambia, "Wewe Vlasta ukifa tukuzike mpakani, kichwa huku miguu kule." Alicheka, lakini si sana.

Nyumba yake iko Bratislava, mtaa wa Petržalka, kwenye yale maghorofa ya zege, vyumba viwili. Kimoja analala mwanawe Radovan na mkewe Simona, cha pili mapacha wao. Vlasta, mwenye nyumba, akirudi analala jikoni kwenye benchi la kukunjua. Hakumfukuza mtu na hakuna aliyemfukuza. Ilitokea tu, zamu baada ya zamu. Leo wanaomba chumba kwa mwezi mmoja, kesho kitanda cha mtoto kimeingia, keshokutwa nguo zake ziko kwenye masanduku barazani. Kila asubuhi saa kumi na mbili Simona anaingia kuchemsha maziwa, anasema, "Endelea kulala mama, usijali mimi," huku ameshawasha taa. Hebu endelea kulala hapo kama unaweza.

Ndipo alipojua habari za nyumba za jiji la Vienna. Kodi ndogo, mkataba hauna mwisho, madirisha makubwa, ua una miti. Kwetu nyumba ya namna hiyo huisikii hata kwenye uongo. Lakini kuna sharti: uwe umeandikishwa kwenye anwani moja ya Vienna miaka miwili mfululizo, bila kuhama, ndipo uombe. Vlasta akamwomba Bibi Pichler, Bibi akakubali, akaandikishwa pale. Miaka miwili ingetimia tarehe kumi na nne Machi. Aliniambia siku ileile ya kwanza, macho yanang'aa.

"Chumba kimoja kinanitosha. Ninachotaka ni kufunga mlango, basi."

Nilimwonea huruma. Pia nilimwonea wivu kidogo, sikatai, kwa kuwa mimi sikulifikiria.

Mambo yaliharibika Januari. Bibi Pichler alikuwa amevunjika mkono wakati wa vuli, na mwanawe Norbert, anayeishi Linz na kupiga simu kila Jumapili, alishatuambia wazi: akianguka tena, anampeleka nyumba ya wazee na hii nyumba ya kupanga anairudisha kwa mwenyewe. Mtu wa haki Norbert, simlaumu. Mama yake alikuwa hawezi tena kushuka ngazi, na sisi tulikuwa tunambeba kwenda chooni kwa kumkumbatia.

Nimepokea zamu, nasoma daftari. Mwandiko wa Vlasta: *Amelala vizuri. Amekula supu. Kila kitu sawa.* Siku nne mfululizo, kila kitu sawa. Kesho yake namwogesha Bibi, toba! Nyonga yote imevilia damu, alama kubwa kama sahani, bluu inayoanza kugeuka njano.

"Bibi, hii ni nini?"

Akatazama ukutani. "Nimeambiwa nisiseme mpaka Machi," akasema. Halafu akanigeukia, kwa udadisi kabisa. "Machi kuna nini?"

Nikamkausha, nikamvisha, nikamuuliza kama anasikia maumivu, akasema anasikia akigeuka tu. Wiki mbili zile sikulala. Simu ya Norbert ikilia Jumapili, namwambia mama hajambo, amekula, anakusalimu. Uongo wangu ulikuwa ni huo, na niliusema mara mbili.

Alhamisi Vlasta akaingia na begi lake, anahema kwa ngazi, ameanza tayari, "Nyanya kwetu zimepanda bei mpaka..."

"Nyanya kitu gani!" nikamkatiza. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. "Ameanguka lini?"

Akaweka begi chini polepole. "Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ameanguka lini, na kwa nini daftari limenyamaza?"

"Aliteleza. Karibu na kitanda. Nilimkanda, nilimpa dawa, hakuvunjika kitu."

"Wewe ndiye daktari siku hizi?"

"Margita." Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa mle jikoni. "Zimebaki wiki saba. Saba tu. Akipelekwa leo, anwani imekufa, naanza kuhesabu upya, na sijui nitaanzia kwa nani. Unataka nirudi kwenye benchi? Nimekuwa mgeni kwangu na mtumishi huku. Mjini kwetu najua kila mtu na sina pa kulala, hapa nina pa kulala na ni pako pia. Wiki saba, shoga yangu. Sikuombi kingine mpaka nife."

"Na akianguka tena?"

"Haanguki. Namfuata kama kivuli."

Ningempigia Norbert palepale. Simu ilikuwa mfukoni. Nikamtazama yule mwanamke, vidole vyake vimekauka kwa sabuni kama vyangu, nikashindwa. Nikamwambia, "Sitasema. Lakini usinipe mkono leo." Nikachukua begi langu nikashuka ngazi bila kunywa kahawa.

Nyumbani Bratislava nilikuwa kama mtu aliyesahau pasi ya moto. Nakaa, nasimama. Napika, namwaga. Kutoka dirishani kwangu unaiona ile mitambo ya upepo ya Austria ikizunguka, na mimi nasimama pale nikijiuliza Bibi yuko kitandani au sakafuni. Mara tatu nilishika simu nimpigie Norbert. Mara tatu nikaliona lile benchi la jikoni, nikaiweka simu. Nilimchukia Vlasta kwa kunitia kwenye jambo lile, na nilijichukia zaidi kwa sababu aliponiomba nilikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Zamu yangu ilipofika nilipanda treni ya mapema kuliko kawaida. Kufungua mlango, namkuta Norbert jikoni na koti lake, na sanduku la Bibi limefungwa liko kwenye korido. Vlasta anakunja taulo. Macho yamevimba.

"Amekupigia nani?" nikamuuliza Norbert, nikidhani ni jirani.

"Vlasta," akasema. "Juzi. Amenieleza yote, hata lile la Januari." Hakuwa na hasira, au aliificha. Akaingia chumbani kwa mama yake.

Nikamvuta Vlasta pembeni. "Zilikuwa zimebaki wiki tano!"

"Tano na siku tatu," akasema. Akaendelea kukunja taulo lilelile, analikunjua, analikunja. "Jumanne asubuhi nimegeuka kuchukua soksi tu, soksi, Margita, nikasikia kishindo. Nimemkuta chini, paji limepasuka kidogo. Naminya damu kwa kitambaa, nalia, namwambia Bibi nisamehe. Yeye ananiuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia ni tarehe nne Februari. Akahesabu kwa vidole. Akasema, 'Bado nyingi. Lakini nitajitahidi.'"

Akaliacha taulo lianguke. "Hajui hata anajitahidi kwa ajili ya nini. Anajitahidi tu, kwa kuwa mimi nilimwomba."

Nilimkumbatia.

Bibi akapelekwa nyumba ya wazee upande wa pili wa jiji, chumba cha chini, wauguzi usiku na mchana, vyuma vya kushika kila ukuta. Mwisho wa Februari mwenye nyumba akachukua funguo, na anwani ya Vlasta ikafutwa. Mimi nikapata mzee mwingine. Vlasta akapata kazi ya usafi Bratislava, kwa nusu ya hela, na benchi lake.

Aprili tukaenda pamoja kumwona Bibi. Mara ya kwanza mimi na Vlasta tumekaa treni moja. Njia nzima alilinganisha nauli, bei ya mayai, foleni za daktari, mji upi una hewa nzuri. Nikamwacha aseme. Tukamkuta Bibi kwenye kiti karibu na dirisha, amenenepa, nywele zimechanwa. Norbert alikuwa ameshamweleza habari za Machi, maana Bibi alimshika Vlasta mkono kabla hata hatujakaa.

"Umepata chumba?"

Vlasta hakusita hata kidogo. "Nimepata, Bibi."

"Kina dirisha?"

"Mawili. Yanatazama uani. Kuna miti."

"Na mlango unafungwa?"

"Unafungwa kwa funguo, Bibi. Ninazo mbili."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, akamwita muuguzi aliyekuwa anapita. "Huyu ana nyumba Vienna," akamwambia. "Nilimsaidia mimi." Nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Kurudi, Vlasta alitazama nje dirishani tu. Hakutaja bei ya kitu. Mashamba yakapita, mpaka ukapita, maghorofa ya Petržalka yakatokea, treni ikasimama na watu wakashuka. Nikachukua begi langu nikadhani ananifuata. Kugeuka, bado amekaa, mikono magotini. Kondakta akamfikia.

"Mama, treni haiendi mbele. Mwisho ni hapa."

"Najua," Vlasta akasema, na hakuinuka.