Waliokohoa Mtendeli

Mlinzi wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli alikuja kwenye kituo chetu cha afya akiwa na homa na kikohozi kikavu. Nikampima, nikamkuta na korona. Siku hizo tulipeleka baadhi ya sampuli Dar es Salaam zikachunguzwe zaidi, na yake ikawa mojawapo. Mzee alikwisha kupona nilipopigiwa simu kutoka maabara. Kirusi chake kilikuwa kimejibadili, wakasema, aina ambayo hawajaiona bado nchini. Wakaniagiza nitafute alikipata kwa nani.

Nilishangaa. Kambi ile ilikuwa imefungwa. Wakimbizi wa Kirundi walikwisha kuondoka, wengine wamerudi kwao, wengine wamehamishiwa kambi nyingine. Mzee aliishi peke yake getini.

Nikamfuata. "Shikamoo mzee. Kabla hujaugua, nani alikutembelea?"

"Marahaba. Hakuna."

"Hata mmoja?"

Alitazama kambini. "Sijaonana na mtu, daktari. Ila huwa nawasikia wakikohoa."

Akanipeleka. Ilikuwa alasiri. Nyumba za udongo zilisimama safu kwa safu, nyingi hazina paa, majani yameota mpaka milangoni. Tulipofika katikati, mtu akakohoa. Wa pili akakohoa pia, kwa chini, kama aliyejiziba mdomo.

"Amahoro," mzee akaita, akiwasalimu kwa Kirundi.

Hakuna aliyeitika. Tulipita nyumba hadi nyumba. Katika moja tulikuta mafiga yenye majivu ya moto na kikombe cha uji uliobaki nusu. Niligusa kikombe, kilikuwa bado vuguvugu.

"Siku chache kabla sijaugua mvua ilinikuta huku," mzee akasema, "nikajibanza humu. Giza lilikuwa limetanda. Nikasikia mtu anahema karibu yangu. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika."

"Hukumuuliza ni nani?"

"Ningemjua, ingenibidi niripoti. Angerudishwa kwao kwa nguvu."

Niliacha barakoa na vidonge vya homa pale kizingitini. Kesho yake havikuwepo, na kikohozi hakikusikika tena. Mzee alisema kimya hicho kilimtisha kuliko kikohozi. Mimi pia kilinitisha. Nilirudi mara kadhaa, nikichungulia nyumba moja moja, nikiogopa harufu ambayo ningekutana nayo. Sikukuta kitu.

Kisha maabara wakapiga tena. Aina ile ile imeonekana kwa mama mmoja mkulima wa Makere, mbali huko Kasulu, karibu na kambi ya Nyarugusu. Mama alieleza kwamba mume na mke wenye lafudhi ya Kirundi walipita kwake kuomba maji. Walikuwa wakikohoa. Walimwambia wanakwenda kwa ndugu zao kambini.

"Ni habari mbaya," yule wa maabara akasema. "Kinasambaa."

Nilijua ni mbaya. Hata hivyo nilikaa chini, simu sikioni, machozi yakinilengalenga kwa shukrani kwamba wale watu walikuwa hai na walikuwa na miguu ya kuwafikisha Makere.

"Daktari, bado upo?"

"Nipo," nikajibu.