Blanketi na Pilipili

Jirani yangu hapa Sarang'ombe akikaanga pilipili kavu, ploti nzima ya vyumba vya kupanga inakohoa. Watu wanapiga chafya, wanacheka, wanamtania. Mimi hufunga mlango. Si pilipili inayonitoa machozi, jamani. Ni Blanketi.

Blanketi alikuwa mbwa wetu tulipokuwa tukiishi mtaa wa Kawangware 46, mimi nikiwa darasa la nne. Mama alikuwa akifulia familia moja ya wageni kule Lavington, nao walipohama kurudi Ulaya wakamwachia mbwa wao. Walimweleza kwamba ni aina adimu, ya kulinda kondoo kwenye milima ya Pirenei, na hata kwao si rahisi kumpata. Baba alilitazama lile dude likiingia langoni, kichwa chini, manyoya meupe yakifagia matope, akashika kiuno. "Ngai! Mama Mwende, hii ni mbwa ama ni ndama?"

Kumtunza ikawa kazi yangu. Jioni nilimchana kwa chanuo la Mama, na manyoya yaliyotoka tukajazia mto. Mto wenyewe ulinuka mbwa kila mvua iliponyesha, na tukaulalia hivyo hivyo. Kila mguu wake wa nyuma ulikuwa na vidole viwili vya ziada vinavyoning'inia, na watoto wa ploti walisukumana kuviona. Mchana alilala kwenye simiti baridi chini ya tangi la maji. Ukimpa tonge la ugali alilipokea kwa midomo tu, taratibu, meno yasikuguse. Hilo ndilo nililoringia kuliko kitu kingine chochote.

Shida yake ni kwamba hakubweka. Mgeni akiingia, Blanketi aliamka, akajinyoosha, akaenda kusimama amekingama kwenye korido, kati ya mgeni na sisi watoto. Basi. Mgeni akishasalimiana na mtu wa ploti, yeye anarudi kulala. Otis, rafiki yangu wa mlango wa pili, alimwita kondoo. Mwenye ploti, mama asiyekuwa na mchezo hata kidogo, akasema mbele ya watu wote: "Mimi niliruhusu mbwa ya kulinda. Kama hii si kali, Jumamosi itoke."

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Otis akanihurumia. "Mwende, wacha kulia bana. Ipatie pilipili. Mbwa ya anko yangu huko shags, kijijini, ilipewa, ikakuwa kali mbaya." Hata wakubwa walikuwa wakisema hivyo. Sikuona ubaya wowote.

Nikaponda pilipili, nikaificha katikati ya tonge. Blanketi alilipokea kwa midomo tu, taratibu, kama kawaida yake. Kisha akaganda. Udenda ukamtiririka, akasugua uso kwenye matope, akakohoa mpaka akatapika. Watoto walicheka, halafu wakarudi nyuma. Hakuning'ata, hakuningurumia. Aliniangalia tu kwa macho mekundu, akajikokota hadi chini ya tangi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni hiyo hiyo mlevi mmoja tusiyemjua aliingia kwenye ploti, akaja moja kwa moja mlangoni petu nilipokuwa nimembeba mdogo wangu. Akanishika mkono, akakataa kuniachilia. Blanketi akatoka kwenye tangi, mdomo umejaa povu, akajipenyeza katikati yetu na kubweka mara moja. Mara moja tu, lakini mabati yalitetemeka. Yule mlevi alikimbia akaacha kiatu.

"Pilipili imeshika!" Otis akapiga kelele. Mwenye ploti akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mbwa abaki. Nilipigiwa makofi, na Mungu anisamehe, niliyafurahia.

Alibaki nasi miaka mingi. Alinisindikiza hadi lango la shule, usiku akalala amekingama mlangoni petu. Lakini tangu siku ile hakupokea tena chakula mkononi mwangu. Kwa Mama alipokea. Hata kwa Otis alipokea, Otis mwenye wazo lenyewe! Mimi ilinibidi niweke sahani chini, niende zangu, ndipo ale.

Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima. Mbwa wa aina ile hukuzwa katikati ya wanakondoo tangu wakiwa wadogo, na kazi yao si hasira. Ni kusimama katikati. Blanketi alikuwa akiifanya kazi yake tangu siku ya kwanza, mbele ya macho yetu, na kondoo wake tulikuwa sisi. Pilipili haikumwongezea kitu. Siku ile alisimama mbele yangu huku akiungua na moto niliomtia mimi mwenyewe.

Alipozeeka na kushindwa kuinuka, nilimpelekea mchuzi wa matumbo kwenye kiganja. Nikapiga magoti kwenye ile simiti yake. "Pole, Blanketi. Aki onja tu." Alinusa, akageuza uso. Kisha akajivuta kidogo, akalaza kichwa juu ya magoti yangu, akaelekeza macho langoni.